Kengele ya Jaji Nyundo

Wazazi wenzangu, na ninyi mtakaokuwa wazazi kesho, vuteni viti. Nina habari ya nyumba moja, na sitawazungusha.

Jumapili mchana katika nyumba hiyo ilikuwa hivi. Mama anakata vitunguu mezani. Binti yake wa pekee, mwanafunzi wa sekondari, anaosha vyombo huku akiimba. Baba amekaa kwenye ngazi ya mlango wa jikoni, gitaa lake la besi mapajani. Halijaunganishwa na umeme, kwa hiyo linanguruma kwa chini kama mtu anayesema na nafsi yake. Vifuniko vya sufuria vinagongwa. Jirani akipita dirishani anaitikia mstari mmoja, kisha anaendelea na safari yake.

Humo ndani mlikuwa na kanuni moja ambayo sijaikuta kwingine. Mtu akikosea wimbo, hakatizwi wala hachekwi. Wenzake wanalirudia kosa lake palepale, na tena, na tena, mpaka kosa linakaa na kuwa sehemu ya wimbo. "Kosa la mmoja hubebwa na wote," mama alizoea kusema. Binti alikua akidhani kila nyumba duniani inaishi hivyo.

Kanuni hiyo haikushuka na mvua. Ilitoka studio.

Baba alikuwa mpigaji wa kukodiwa. Mwimbaji akitaka kurekodi anamwita, anapiga, anachukua ujira wake, anaondoka, na sifa zote zinabaki kwa mwimbaji. Watu walimwita Besi, basi, jina likaishia hapo. Alipokuwa kijana aliitwa kumpigia mwimbaji mmoja mashuhuri, mtu wa hasira za karibu, ambaye jana yake tu alikuwa amemfukuza mpigaji mwingine. Enzi hizo bendi nzima ilirekodi pamoja katika chumba kimoja. Akiharibu mmoja, mmeharibu wote. Basi Besi, kwa woga, baada ya kiitikio akaingia kabla ya wakati wake. Aliruka kama mtu aliyekanyaga kaa la moto.

Mpiga dramu aliyeitwa Fimbo hakuinua hata uso. Kiitikio kiliporudi, akaupiga ule mruko makusudi. Msichana mmoja kati ya waitikiaji akautupia "Eeh!" juu yake. Mwimbaji, aliyekuwa amefumba macho, akayafumbua, akacheka. "Hapohapo! Asiguse mtu!"

Wimbo ule ulipigwa kwenye kila harusi, na watu walikuwa wakiusubiri ule mruko ndipo wajirushe. Besi akaanza kutafutwa na kila studio. Na yule msichana wa "Eeh!" ndiye ambaye Besi alikuja kumwoa, ndiye mama wa hadithi hii. Baadaye aliacha kuimba kwa malipo akashika cherehani, na chumba cha mbele cha nyumba yao akakigeuza duka la kushonea.

Kutoka kwenye kupiga, Besi akapanda kuwa mtayarishaji mwenye studio yake mwenyewe. Waimbaji waoga walimkimbilia yeye, kwa sababu mtu akikosea alikuwa na neno moja tu: "Tuanze tena. Safari hii pumua kwanza." Mtu alitoka pale anaimba kuliko alivyoingia. Huyo ndiye mwanamume ambaye mkewe alimfahamu.

Kisha runinga ikabisha hodi.

Kituo kimoja kilikuwa na shindano la waimbaji wapya, na kilitaka jaji anayejua kazi. Msimu wa kwanza Besi alisema mambo ya maana, na hakuna aliyemsikiliza. Mwongozaji wa kipindi, mwanamke wa maneno matamu aliyevaa miwani mikubwa, akamwita pembeni. "Kaka, wewe unafundisha. Watu nyumbani hawataki darasa, wanataka machozi." Msimu wa pili akampa kengele yenye kitufe chekundu. Ikilia "Ngrrr!", muziki unakatwa, taa zinageuka nyekundu, na mshiriki anasimama pale kama kuku aliyenyeshewa. Kisha Besi anamtupia msemo wake: "Funga mdomo, fungua duka!" Ukumbi mzima unamalizia naye, watu wanagongana mabega kwa kicheko.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Jina la Besi likafa, akazaliwa Jaji Nyundo.

Kwanza mkewe alinyamaza. Alimshonea koti la zambarau la kukalia kwenye kiti cha jaji, akalipiga pasi, akamwombea heri. Msemo ukatoka runingani ukaingia mitaani. Mwalimu alimwambia mwanafunzi aliyeshindwa hesabu. Kondakta alimwambia abiria aliyelalamikia chenji. Siku moja mteja alikuja dukani na mwanawe mdogo apimwe sare ya shule. Mtoto alikuwa akiimba kwa raha zake, mikono juu, futi ya kupimia imemzunguka kifuani.

"We!" mamaye akamkata. "Funga mdomo, fungua duka!" Akamgeukia fundi akicheka. "Si ndivyo anavyosema mzee wako?"

Mtoto akashusha mikono. Hakuimba tena mpaka wanaondoka. Fundi alibaki na futi mkononi, akajihisi kama aliyemkata mtoto yule kwa mkasi wake mwenyewe.

Nyumbani mambo yakafuata njia ileile. Nyundo haichagui msumari. Baba alionja mchuzi, akagonga meza kwa kijiko: "Ngrrr! Chumvi imeshindwa mchujo." Alimsikiliza mkewe akisimulia jambo, akamkatiza katikati: "Hadithi haina mwanzo, haina kati. Ijayo!" Wageni walicheka. Mke alicheka mara ya kwanza, mara ya pili akatabasamu, mara ya tatu akamtazama tu.

Binti ndiye aliyeumia kimyakimya. Jioni moja alikuwa akiosha vyombo na kuimba kama kawaida yake, akateleza mahali. Baba alikuwa akipita na simu sikioni. Hakusimama hata kidogo. "Uko chini ya noti. Ungekuwa kule kwangu, ningekutoa kabla hujamaliza mstari."

Binti akanyamaza. Kesho yake akaosha vyombo bila wimbo. Kesho kutwa vilevile. Ikafika wakati ukiingia katika nyumba ile unasikia maji ya bomba, unasikia vijiko, unasikia friji. Nyumba ya muziki, jamani, unasikia friji!

Mama akamkabili mumewe chumbani. "Mtoto haimbi."

"Ukweli haumuui mtu, mama watoto. Ulimwengu mkali, mimi namkomaza."

"Wewe ulikomazwa na nani? Siku uliyoruka kama mwizi aliyesikia mbwa, nani alikugongea kengele?"

"Yale yalikuwa mambo mengine."

"Yalikuwa kosa, baba. Kosa tupu. Umejengewa nyumba juu ya kosa, leo unabomolea wenzako."

Mume akavuta shuka akageukia ukutani. Ndivyo wanaume fulani wanavyoshinda mabishano, msidhani siwajui.

Haukupita muda, mwongozaji wa miwani mikubwa akaja nyumbani mwenyewe. Aliketi sebuleni, akasifia mapazia, akasifia chai, kisha akatoa alichokuja nacho. Kipindi cha kufungulia msimu mpya kitakuwa cha familia. Binti wa Nyundo atapanda jukwaani kuimba. Nyundo atamgongea kengele, atamtupia msemo wake, binti atalia kidogo, baba atashuka amkumbatie. "Nchi nzima italia, halafu itacheka. Baba ameshakubali."

Mama akaweka kikombe chini polepole. "Umekubali?"

"Ni mchezo tu," mume akasema, akiangalia zulia.

"Mama usiwe na wasiwasi," mwongozaji akadakia, "ni burudani. Kilio cha sekunde chache."

"Dada yangu, una mtoto?"

"Ninaye."

"Mpeleke wa kwako akalie. Wa kwangu si kitoweo cha watu."

"Nitakwenda," sauti ikasema kutoka mlangoni. Binti alikuwa amesimama na kitambaa cha vyombo begani. "Lakini wapigaji nitachagua mwenyewe."

Mwongozaji akapiga makofi. Baba akacheka kwa nafuu. Mama hakucheka. Alimfuata bintiye jikoni, akafunga mlango.

"Umerogwa? Kwa nini?"

"Mama, nikikataa nitaishi nimefunga mdomo. Amenifukuza kwenye sinki la vyombo. Sikubali anifukuze kila mahali. Nitakosea, najua. Kule watu wote wananitazama, lazima nitakosea. Nikikosea, nani atarudia?"

Hapo mama akaelewa kinachogombaniwa. Hakikuwa kipindi. Kilikuwa mdomo wa mwanawe, kama utabaki wazi ama utafungwa maisha.

"Mimi," akasema. "Na ninamjua mwingine."

Fimbo siku hizo alikuwa mwalimu wa udereva. Walimkuta ndani ya gari la kujifunzia, akimsubiri mwanafunzi, vidole vikicheza juu ya dashibodi. Kitambi kilikuwa kimeshika usukani kabla ya mikono.

"Shemeji!" akashangilia. "Leo jua limechomoza wapi? Mzee mwenzangu hajambo? Nilimpigia simu mwaka jana. Simu yake siku hizi ina mwitikiaji, anaitikia kwamba yeye hayupo."

Mama akamweleza yote. Fimbo alisikiliza mpaka mwisho, vidole vimetulia.

"Shemeji, sijakaa nyuma ya dramu tangu tumbo hili lilipotangulia mbele."

"Basi kaa mbali kidogo."

"Na mtoto yuko tayari?"

"Hayuko tayari, ba'mdogo," binti akajibu. "Ndiyo maana tumekuja kwako."

Fimbo akacheka mpaka gari likatikisika. Mwanafunzi wake alipofika, akamrudisha nyumbani.

Walifanyia mazoezi dukani, milango imefungwa, katikati ya majora ya vitambaa. Fimbo aligonga boksi la cherehani. Mama alitafuta sauti yake ya zamani, akaikuta imekauka koo lakini ipo. Wimbo ulikuwa ule wa jikoni, uliotungwa na baba, mama na binti Jumapili nyingi zilizopita, hauna mwenyewe. Baba aliuliza wanafanya nini humo. "Tunafungua duka," mkewe akamjibu, "si ndivyo unavyoshauri?"

Siku ikafika. Ukumbi ulijaa, mwanga ulichoma kama jua la saa sita, na sakafu ya jukwaa ilikuwa na nyaya zilizobandikwa kwa utepe mweusi. Majaji watatu walikaa mbele. Nyundo katikati, ndani ya koti la zambarau. Mama alisimama nyuma ya maiki ya mwitikiaji, akaliona koti lake lile, akaona mpaka pale chini ya kwapa alipoacha kitambaa cha akiba kwa sababu alijua mumewe atanenepa. Akaumia moyo. Kisha akakaza roho.

Nyundo alipowaona wapigaji, kalamu ilimtoka mkononi. Fimbo akamwinulia kijiti kimoja kwa salamu, kama mtu aliyemwona jana tu.

Binti akaanza. Ubeti wa kwanza ulipita salama. Kiitikio kikapita. Ndipo woga ukamkamata. Baada ya kiitikio akaingia kabla ya wakati, akaruka vilevile alivyoruka baba yake miaka ile. Kila mwenye masikio alisikia. Ukumbini watu wakaanza kugeukiana, vicheko vikipanda shingoni, macho yote kwenye kitufe chekundu.

Fimbo hakuinua uso. Kiitikio kiliporudi, akaupiga ule mruko makusudi.

"Eeh!" mama akautupia juu yake.

Wimbo ulichechemea, ukapata mguu, ukaanza kutembea. Mara ya tatu mwanamke mmoja safu ya nyuma akaitikia "Eeh!" pamoja nao. Na Nyundo aliutambua ule mruko. Uso ulimbadilika kabisa, akawa kijana yule wa studio aliyekuwa akingoja kufukuzwa. Lakini sikioni alikuwa na kidude, na ndani ya kidude mlikuwa na sauti tamu ya mwongozaji: "Bonyeza. Kaka, bonyeza sasa!"

Mkono una mazoea yake. Akabonyeza.

Kengele ikalia. Taa zikageuka nyekundu. Tangu kengele iletwe, kila mshiriki aliyegongewa alikuwa ameacha kuimba hapo. Nyundo akausogelea mdomo wa maiki yake. "Funga mdomo..." akaanza, akingoja ukumbi umalizie.

"Duka ninalo!" mkewe akamjibu kabla yao. "Mdomo ndio huu!"

Ukumbi ukalipuka. Mama akapiga hatua moja mbele. Hakupaza sauti. Alisema kama anavyosema jikoni. "Na hiyo kengele, baba, umeingia mapema kidogo. Usijali. Tutakubebea."

Fimbo akapiga dramu yake nzito palepale kengele ilipolilia. Akauzungusha wimbo, akarudi palepale, akapiga tena. Binti aliyekuwa amejikunyata kama aliyemwagiwa maji akainua kichwa, akashika wimbo katikati ya taa nyekundu, akaimba. Kila walipofika mahali pa kengele, watu wenyewe wakaunguruma "Ngrrr!" kwa midomo yao. Kile kilichokuwa cha kumnyamazisha kikawa kiitikio chake. Jaji wa kushoto akasimama. Wa kulia akasimama. Wa katikati alibaki amekaa, mikono mapajani, mpaka wimbo ukaisha bila yeye. Mwongozaji akakimbilia matangazo ya biashara.

Jioni ile mama aliweka gitaa la besi kibarazani, nje ya mlango, ndani ya mfuko wake. Kisha akaendelea na kazi zake.

Mume alirudi amevimba. "Umenidhalilisha mbele ya nchi nzima!"

"Nchi nzima ilikuwapo siku zote ulipokuwa ukiwadhalilisha watoto wa wenzako. Leo ndiyo umeiona?"

"Mimi ni mumeo!"

"Mume wangu ni Besi. Anakaribishwa, chakula chake kimefunikwa. Nyundo humu halali. Hana kazi hapa, misumari imekwisha."

Mume akautazama mfuko wa gitaa. Akarudi nyuma, akakaa kibarazani.

Jikoni, binti alikuwa akiosha vyombo. Akaanza kuimba. Alipomaliza kiitikio akaruka kabla ya wakati, makusudi, halafu akanyamaza, mikono ndani ya povu. Mama alitaka kuitikia, binti akamtikisia kichwa: hapana, si wewe.

Wakangoja. Maji yalidondoka. Friji ikalia.

Kisha huko nje zipu ya mfuko ikafunguliwa, na gitaa lisilo na umeme, kwa sauti ndogo ya aibu, likalirudia lile kosa.

Msidhani kila kitu kilinyooka siku hiyohiyo. Besi aliwaambia watu wa runinga kwamba kengele hataigusa tena. Kama wanamtaka awe jaji wa kufundisha, yupo. Hawakumtaka. Runinga haikosi nyundo nyingine, na jaji wao mpya anasemekana ni mkali zaidi. Alirudi studio. Alikwenda mwenyewe kwa Fimbo kuomba radhi, akafundishwa kwanza kuegesha gari kinyumenyume ndipo akasamehewa. Binti alichukua muda mrefu kumwimbia akiwa amemtazama usoni. Bado wakati mwingine hugeukia dirishani.

FUNZO

Mzazi mwenzangu, mtoto wako atakosea. Atakosea hesabu, atakosea chumvi, atakosea wimbo na maneno. Nje kuna watu chungu nzima waliolipwa kumcheka, hawahitaji msaada wako. Nyumba ikiwa na kengele, mtoto hujifunza kunyamaza, na anayekunyamazia hatakwambia hata siku atakayoingia kwenye hatari.

Wewe unayecheka kwenye kiti chako mtoto wa mwenzio anapolizwa runingani, usijifanye haumo. Kengele inalia kwa sababu wewe unaitazama.

Na wewe uliyefika juu, usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Kumbuka siku uliyoruka kabla ya wakati, na mtu fulani, bila kuinua uso, akalirudia kosa lako ili usifukuzwe. Ukikutana na aliyekosea leo, una kazi moja. Mbebee. Kama huwezi, basi wewe ndiye ufunge mdomo.